Sikio Limesikia Nini, Kichwa Kimeongeza Nini?

Leo hatutasema juu ya hati ya kiwanja wala malipo ya kuhamishwa. Tutasema juu ya neno moja linaloanza karibu kila mashtaka yanayofika mbele ya wakubwa wa mitaa: “Nimesikia kwa masikio yangu, nimeona kwa macho yangu.”

Tuanze na usiku. Tangu mwaka 2014 ilipojulikana kwamba chini ya nyumba za Kasulo kuna kobalti, mashimo yalichimbwa uani, hata ndani ya nyumba. Chini kule wachimbaji walifuata mshipa wa mawe bila kuuliza kiwanja cha juu ni cha nani. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta na familia zikahamishwa. Watu wengi mnajua sauti ninayotaka kusema.

Tuseme umelala. Saa saba ya usiku unasikia ko, ko, ko. Asubuhi unamfuata jirani wa upande wa kushoto: “Unachimba chini ya kitanda changu.” Anakana. Wewe unaapa kwamba umesikia. Ni kweli, umesikia. Lakini sikio lilikuambia kwamba ni yeye?

Angalia namna tunavyojua sauti inatoka wapi. Hewani sauti hukimbia karibu mita 340 kwa sekunde moja. Mtu akikuita kutoka kushoto, sauti yake inafika sikio la kushoto kwanza, kisha la kuume. Tofauti yake ni ndogo mno, haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Tena sikio la mbali linapata sauti iliyopungua nguvu kidogo, kwa sababu kichwa kimeikinga. Ubongo unalinganisha hesabu hizo mbili na kukuambia: kushoto. Kazi hiyo inafanyika hata wewe hujui, na mchana inafanyika vizuri sana.

Sasa rudi kitandani. Sikio moja liko juu ya mto, kwa hiyo hakuna la kulinganisha. Sauti nayo haiji kwa hewa: inapita katika udongo na mwamba, inapanda kwenye msingi, na ukuta mzima unatetemeka na kusema. Hesabu ya ubongo inaharibika. Lakini ubongo haupendi kukaa bila jibu. Unatafuta jibu katika vile vilivyomo ndani yako tayari, na kama mwezi uliopita mligombana na huyo jirani kwa ajili ya mpaka, basi sauti itatoka kwake. Hutajisikia kwamba unakisia. Utasikia kabisa kwamba inatoka kushoto.

Sheria ina adhabu kwa shahidi mwongo. Huyu si mwongo, na hapo ndipo penye shida, maana ukimtazama usoni unaona mtu wa kweli.

Kama huniamini, fanya jaribio siku ya Mungu. Katika kanisa lenye vipaza sauti, mhubiri anasimama mbele na sauti yake inatoka kwenye bafle lililotundikwa ukutani. Lakini wewe unaisikia ikitoka kinywani mwake, kwa sababu macho yanaona midomo ikicheza. Funga macho. Polepole sauti itahamia ukutani kwenye bafle. Fungua macho, itarudi kwa mhubiri. Sauti haikusogea hata kidogo. Usifanye jambo hilo mahubiri yote, watasema umelala.

Jicho nalo lina mambo yake. Chukua kipande cha makala, chora msalaba mdogo kwenye karatasi. Upande wake wa kuume, mbali kwa upana wa vidole vinne, chora nukta nene. Funga jicho la kushoto, tazama msalaba kwa jicho la kuume, halafu sogeza karatasi polepole kuelekea usoni. Mahali fulani nukta itapotea. Pale ambapo mshipa wa jicho unatoka kwenda kwenye ubongo hakuna kitu cha kupokea mwanga, yaani jicho ni kipofu mahali hapo. Kila mtu ana kipofu hicho tangu kuzaliwa. Lakini kile kinachonishangaza ni kwamba hatuoni tundu: tunaona karatasi nyeupe. Ubongo umeziba kwa rangi ya jirani yake, kama fundi anavyotia kiraka.

Wachimbaji wanajua jambo jingine: jioni jua likizama, malakiti ya kijani na jiwe jeusi la kobalti yanaanza kufanana. Chembe za jicho zinazofanya kazi katika giza hazitambui rangi, na rangi nyekundu ndiyo inayokuwa nyeusi mapema. Kwa hiyo mtu akisema kwamba saa nane ya usiku, bila taa wala tochi, aliona kijana wa shati jekundu akiruka ukuta, aulizwe taratibu. Labda kijana alikuwako kweli. Lakini wekundu wa shati umetoka wapi? Labda mchana alimwona mtu fulani amevaa shati la namna hiyo.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo zito zaidi. Mwaka 1992 huko Likasi, na mwaka 1993 hapa Kolwezi, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao. Wengi walilala siku nyingi stesheni wakingoja treni. Mbele ya fimbo lilitangulia neno, bilulu, yaani wadudu. Mtu aliyekwisha kupewa neno hilo kila siku, akisikia mlango umevunjwa usiku, hatauliza ni nani. Kichwa chake kina jibu tayari, kama yule wa kitandani.

Jambo hilo si la kwetu peke yetu. Katika Marekani wataalamu wawili, Allport na Postman, walitoa kitabu juu ya uvumi mwaka 1947. Waliwaonyesha watu picha ya ndani ya treni: Mzungu ameshika wembe mkononi, anazungumza na mtu mweusi. Aliyeona picha alimweleza mwingine ambaye hakuiona, naye akamweleza wa tatu, hivyo hivyo. Mara nyingi, mahali fulani njiani habari ilipokuwa ikipita toka mtu hata mtu, wembe ulihamia mkononi mwa mtu mweusi. Hakuna aliyekusudia kuuhamisha.

Na hata lugha zetu zinatudanganya. Kiswahili hakitumii kupanda na kushuka kwa sauti ili kubadili maana ya neno. Lugha kama Tshiluba zinatumia. Mtoto aliyekulia Kiswahili tupu anaweza kusikia familia mpya ya nyumba ya pili wakiongea usiku, sauti juu, sauti chini, akasema wanagombana au wanapanga jambo, kumbe wanaulizana nani amekula bukari iliyobaki.

Basi ninyi wakubwa wa mitaa, mnaopokea mashtaka haya, angalieni maneno ya maswali yenu. Mwaka 1974, tena huko Marekani, Loftus na Palmer waliwaonyesha watu filamu ya magari yaliyogongana. Walioulizwa kwa neno lenye nguvu, kama kusema magari “yalipopondana”, walitaja mwendo mkali kuliko walioulizwa kwa neno “kugongana”. Baada ya juma moja, wengi zaidi kati ya hao wa “kupondana” walisema waliona vioo vimevunjika. Katika filamu hapakuwa na kioo kilichovunjika. Ndiyo sababu usiulize, “Yule Mkasai alipita wapi?” Wala usiulize, “Wale wachimbaji walikuwa wangapi?” Sema tu, “Tueleze,” na unyamaze mpaka amalize. Halafu uliza: Ulikuwa umelala au umesimama? Mwanga ulitoka wapi? Jina hilo ulilijua usiku ule ule, au uliambiwa asubuhi?

Na kwa ko, ko, ko ya chini ya nyumba, msitume mtu mmoja kusikiliza. Watu wa nyumba nne au tano wasikilize usiku mmoja, kila mmoja aandike saa na nguvu ya sauti bila kuzungumza na wenzake. Asubuhi leteni karatasi zote pamoja mbele ya mkubwa wa mtaa. Ila kama ukuta umeanza kupasuka au sakafu inalia chini ya miguu, msingoje karatasi: toeni watoto nje kwanza.

Juma lijalo tutaendelea na habari ya mipaka ya viwanja. Usiku mwema.