Mgeni Asiyepiga Hodi: Hoteli za Malipo Jumuishi Kisiwani Unguja na Dhana ya Ugeni katika Kiswahili

Utangulizi

"Mgeni njoo, mwenyeji apone" ni miongoni mwa methali ambazo mwanafunzi wa Kiswahili hukutana nazo mapema shuleni. Hufafanuliwa kwa wepesi kwamba mgeni anapofika, mwenyeji naye hupata nafuu, kwa kuwa siku hiyo hupikwa chakula kilicho bora kuliko cha jana. Hata hivyo, methali hii ina sharti ambalo halitamkwi. Ni lazima mgeni na mwenyeji wale chungu kimoja. Iwapo mgeni atapakuliwa upande huu wa ukuta na mwenyeji abaki upande wa pili, ugeni utakuwapo lakini kupona hakutakuwapo.

Makala haya yanakusudia kueleza aina moja ya ugeni wa kisasa ambayo imeenea katika visiwa vya nchi za joto, yaani kukaa katika hoteli ambayo mtalii huilipia kila kitu kabla hajaondoka kwao. Mfano utakaotumiwa ni kisiwa cha Unguja. Sababu za kukiteua ni mbili. Kwanza, hoteli za aina hii ni nyingi huko, hasa katika pwani ya kaskazini na mashariki. Pili, Unguja ndiko chimbuko la lahaja ya Kiunguja, ambayo ilifanywa msingi wa Kiswahili sanifu mnamo miaka ya 1930. Kwa hiyo yanayoupata ugeni huko yanaihusu pia lugha tunayoisomea.

Maana na Asili ya Malipo Jumuishi

Istilahi za utalii hazijatulia katika Kiswahili. Neno "hoteli" lenyewe lina utata. Kwa Mkenya wa kawaida, hoteli ni mahali pa kunywea chai na kula maandazi, wala si lazima pawe na kitanda. Katika makala haya, hoteli ni mahali pa kulala, na "malipo jumuishi" ni utaratibu ambao bei moja hukusanya malazi, milo yote, vinywaji na michezo. Mara nyingi hujumuisha pia nauli ya ndege na usafiri wa kutoka uwanjani hadi hotelini.

Utaratibu huu haukuzaliwa Afrika. Mwaka wa 1950, Mbelgiji aitwaye Gérard Blitz aliandaa kambi ya mahema huko Alcúdia, katika kisiwa cha Mallorca nchini Uhispania. Hiyo ndiyo iliyokuwa mwanzo wa kampuni ya Club Med. Wageni walilipa mara moja, wakala pamoja na kucheza pamoja. Hata hivyo, vinywaji vya baa havikuwamo katika bei hiyo, na baadaye vikawa vinalipiwa kwa shanga ambazo mgeni alizivaa shingoni. Hivyo fedha haikuondoka kambini, ila ilibadilishwa sura ili isionekane. Jamaika ndiyo iliyoukamilisha mfumo. Mnamo miaka ya 1970 na 1980, hoteli za huko zilianza kutia hata vinywaji ndani ya bei. Mojawapo ni Sandals, iliyoanzishwa na Gordon "Butch" Stewart mjini Montego Bay mwaka wa 1981. Shanga zikatoweka, na leo alama ya mgeni katika hoteli nyingi ni bangili ya plastiki anayofungwa mkononi siku ya kwanza.

Jinsi Mfumo Unavyofanya Kazi

Msomaji huenda akajiuliza: mwenye hoteli anawezaje kumruhusu mtu ale na kunywa apendavyo bila kupata hasara? Jibu la kwanza ni kwamba tumbo lina kikomo. Siku mbili za mwanzo mgeni hupakua kupita kiasi. Kuanzia siku ya tatu hurejea katika kawaida yake. Hoteli yenye wageni mia tatu haihesabu sahani ya mmoja, bali wastani wa wote. Jibu la pili ni kwamba "kila kitu" si kila kitu. Pombe za bei kubwa, kukandwa mwili, kuzamia baharini na safari za mashua mara nyingi hulipiwa kando.

Jibu la tatu ndilo zito. Kampuni ya utalii iliyoko Ulaya hununua vitanda kwa wingi na kwa msimu mzima, na kwa sababu ya wingi huo huidai hoteli bei ya chini. Mwenye hoteli hukubali, maana kitanda kitupu hakimwingizii chochote. Baada ya kukubali, njia iliyobaki ya kupata faida ni kubana matumizi, na kubwa katika hayo ni chakula na mishahara. Jikoni huhitaji samaki wa kiasi kilekile kila siku, wenye ukubwa uleule, pamoja na stakabadhi. Mvuvi wa Matemwe mwenye ngalawa hawezi kuahidi hayo, kwa kuwa riziki ya bahari haina ratiba. Kwa hiyo hoteli humgeukia msambazaji mkubwa, na sehemu ya chakula hutoka Tanzania Bara au ng'ambo, ilhali kijiji kilicho jirani kina wavuvi na wakulima.

Hapo ndipo tofauti kati ya wageni wawili inapodhihirika. Mtalii aliyepanga chumba katika nyumba ya wageni huko Jambiani hunywa chai ya asubuhi, kisha hutoka. Hununua dafu, hukodi baiskeli, hula wali na pweza kwa mama anayepika kando ya njia, na jioni hupanda daladala. Fedha yake hupita mikononi mwa watu wengi, kidogo kidogo. Mwenye bangili naye, hata akitamani pweza yule yule, anajua kwamba kumla ni kulipa mara mbili, maana chakula chake cha mchana amekwisha kukilipia Milano au Warsaw. Si choyo kinachomzuia bali hesabu. Ukuta wa hoteli una mlinzi, lakini kizuizi chenye nguvu zaidi ni bei iliyolipwa tayari.

Unguja: Mahali na Watu Wake

Baada ya Mapinduzi ya 1964, ardhi ya Zanzibar ilifanywa kuwa mali ya umma, na uchumi uliendelea kutegemea karafuu. Bei ya karafuu iliporomoka katika miaka ya 1980, na kuanzia katikati ya muongo huo serikali ilifungua milango kwa wawekezaji. Katika miaka ya 1990, hoteli zilianza kujipanga kando ya fuo za Nungwi na Kiwengwa. Kiwengwa ilipata Waitaliano wengi hata vijana wa huko wakajifunza Kiitaliano mchangani bila mwalimu wala kitabu, kama ilivyokuwa Malindi kwetu Kenya. Mwaka wa 2024, Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki saba. Idadi hii ipimwe kando ya wakazi wake, ambao sensa ya 2022 iliwahesabu kuwa takriban milioni 1.9.

Wingi huo unagusa mambo mawili ambayo hayamo katika picha za matangazo. La kwanza ni maji. Shirika la Kiingereza lililoitwa Tourism Concern lilichapisha ripoti mwaka wa 2012 iliyohusu Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Ripoti hiyo ilieleza kwamba kaya ya kijijini ilitumia wastani wa lita 93 za maji kwa siku, ilhali chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kilitumia takriban lita 3,195. Kisiwa hiki hutegemea maji yaliyo chini ya ardhi, nayo hujazwa na mvua. Yakivutwa kupita kiasi karibu na pwani, maji ya chumvi hupenya na kuharibu visima. Bwawa la kuogelea lililo hatua chache kutoka baharini basi si suala la anasa tu. Ni suala la kisima cha jirani.

Jambo la pili ni ufuo. Tangu mwaka wa 1989, wanawake wa pwani ya mashariki, hasa Paje na Jambiani, wamekuwa wakilima mwani kwa ajili ya kuuza nje. Kilimo hiki huhitaji maji mafupi yanayokupwa na kujaa, vigingi, kamba, na mahali pa kuanikia mavuno. Mahali hapo ndipo hoteli inapotaka kuweka vitanda vya kuotea jua. Kwa mkulima, mwani ulioanikwa ni karo ya mtoto. Kwa msimamizi wa hoteli, ni uchafu na harufu.

Hodi, Karibu na Lugha ya Ndani ya Ua

Katika Kiswahili, neno "mgeni" hubeba maana mbili: mtu aliyekuja kututembelea na mtu tusiyemjua. Kinachomvusha mtu kutoka maana ya pili hadi ya kwanza ni adabu ya kuingia. Mgeni hupiga hodi, na asipojibiwa mara ya tatu hurudi zake. Mwenyeji hujibu "karibu," naye huanza kuketishwa barazani kabla ya kukaribishwa ndani. Baraza ni mahali pa katikati, pasipo pa njia wala pasipo pa chumbani, na hapo ndipo watu wawili wanapojuana hali. Methali nyingine hukamilisha utaratibu huo: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Jembe hapa lisichukuliwe kuwa ni kufukuzwa. Ni kupewa nafasi. Aliyeshika jembe amehesabiwa kuwa mmoja wa nyumba, mwenye haki na wajibu.

Ndani ya hoteli ya malipo jumuishi utaratibu huu umepinduliwa. "Karibu" hutamkwa kwanza, na hodi haipo kabisa. Mgeni hapewi jembe siku ya tatu wala ya kumi na nne, kwa kuwa amelipia haki ya kutolishika. Mwenye nyumba naye haonekani. Huenda ni kampuni iliyoandikishwa nchi nyingine. Anayemkaribisha mgeni ni mwajiriwa, na mara nyingi ametoka Bara au Kenya kwa sababu ya elimu ya hoteli na Kiingereza. Jambo hilo limekuwa likilalamikiwa na Wazanzibari wenyewe.

Aidha, ndani ya ua hukua Kiswahili cha maneno machache. "Jambo," lililokatwa kiambishi chake, limechukua nafasi ya "hujambo" na jibu lake "sijambo." "Hakuna matata" husemwa hata na Mzanzibari ambaye nyumbani kwake angesema "hapana neno." "Shikamoo" haisikiki, kwa kuwa salamu hiyo hudai watu wajuane umri na heshima. Ikumbukwe kwamba kurahisisha lugha kwa ajili ya mgeni si kosa. Kila lugha ya biashara hufanya hivyo. Tatizo ni pale ambapo mgeni hukaa siku kumi na nne na maneno yake yakabaki manne, kwa kuwa hakuna haja iliyomlazimu kutafuta la tano.

Nje ya ua nako kumezuka neno lake. Vijana wanaowaandama watalii ufuoni wakiuza safari, shanga na vinyago huitwa "papasi," jina la mdudu wa jamii ya kupe afyonzaye damu. Neno hili ni kali, nalo linafaa kuchunguzwa. Kijana huyo anamngoja mgeni kwenye mpaka wa hoteli kwa sababu mgeni hatoki kwenda alipo yeye. Wengi humlaumu papasi kwa kumgandia mgeni, bila kuuliza ni nani aliyezifunga njia nyingine za kukutana naye.

Hoja za Upande wa Pili

Si haki kuueleza mfumo huu kana kwamba hauna wema wowote. Familia yenye watoto hujua gharama yake tangu mwanzo, na mtu asiyewahi kusafiri mbali hupata utulivu. Hoteli kubwa huajiri watu wengi kwa pamoja, hutoa mshahara wa mwezi, na mapato yake ni rahisi kukaguliwa kuliko ya vibanda vilivyotawanyika. Wapo pia wazee wa vijijini wanaoona heri watalii wakae ndani ya ua na mavazi yao ya kuogelea, kuliko kupita mbele ya msikiti na madrasa. Hoja hii ya mwisho ina uzito wake, lakini inathibitisha yale yaliyokwisha kusemwa: ukuta unapendwa na pande zote mbili pale ambapo hodi haipo. Mgeni aliyefunzwa adabu ya kuingia hahitaji kufungiwa.

Hitimisho

Imeelezwa kwamba malipo jumuishi si wingi wa chakula tu, bali ni mpango unaoamua fedha ipite wapi, maji yanywewe na nani na maneno mangapi yasemwe. Mpango huo ulibuniwa na watu, na unaweza kurekebishwa na watu. Hoteli inaweza kununua samaki kwa chama cha wavuvi badala ya mvuvi mmoja mmoja, ili kiasi kipatikane. Inaweza kuacha mlo mmoja wa siku nje ya bei, ili mgeni awe na sababu ya kutoka na kula kijijini. Inaweza pia kukubaliana na wakulima wa mwani kuhusu sehemu ya ufuo na saa za kuanika.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunayo sehemu yetu. Baadhi yetu tutafundisha wageni, wengine tutatafsiri vijitabu vinavyowekwa vyumbani mwa hoteli, na wengine tutaajiriwa na hoteli zenyewe, huko Unguja au Diani. Kijitabu hicho kikianza na "jambo," kitamfundisha mgeni kupita. Kikianza na "hodi," na kueleza kwamba neno hilo husemwa mlangoni pa mtu kisha mtu husubiri, huenda akatoka siku moja akalijaribu, na nje ya lango yupo mwenyeji atakayemjibu.