HERUFI ZENYE ALAMA MU EXCEL



Listi ya finalisti inaandikwa yote na herufi kubwa. Ni hapo DÉSIRÉ anageuka D2SIR2, maana tushi ya é ya klavie yetu, ukiisha kufunga Verr Maj, inatoa 2. Diploma ikitoka na jina ile, haitapatana na karatasi ya kuzaliwa, na kuitengeneza kunakula feza.

Washa Verr Num, kamata Alt, andika 144 kwa tarakimu za kuume: É. Ile Ñ ya Kiluba, kama mu ñombe, ni 165. Ndogo yake 164.

Mashini yako haina tarakimu za kuume? Ingia Insertion, kiisha Symbole. Ao andika mu kisanduku =CAR(201), É inatokea. Mimi ninachagua Symbole: ni polepole, lakini macho inaona.