Fahamu: Mwanga uliozaa fizikia ya kwanta
Umoja wa Mataifa uliutangaza 2025 kuwa mwaka wa sayansi ya kwanta. Kariakoo, Dar es Salaam, sayansi hiyo inauzwa madukani: paneli za sola, taa za LED.

Ilianza na fumbo. Mwaka 1887 Heinrich Hertz aliona cheche za umeme zikiruka kwa urahisi zaidi zinapomulikwa na miale ya urujuanimno. Mwaka 1902 Philipp Lenard akakuta jambo la ajabu zaidi: mwanga mkali huchomoa elektroni nyingi kwenye metali, lakini hauiongezei hata moja nishati. Nishati hutegemea rangi ya mwanga!

Mwaka 1905 Albert Einstein akafumbua: mwanga hufika kwa vifurushi vya nishati, yaani kwanta. Kazi hiyo, wala si nadharia ya uhusianifu, ndiyo iliyompa Nobel ya 1921.