Siafu na Majina Yake Matatu

Mvua zinapoanza kunyesha katika Uvira, baina ya ziwa na milima, taa inayowashwa barazani huwavuta wadudu wa kila namna. Huja kumbikumbi, huja nondo. Kisha usiku mmoja huja mdudu mkubwa, wa rangi ya hudhurungi, mwenye malaika kifuani na tumbo refu, nene, lililopinda kidogo. Urefu wake wapata sentimita 3 au zaidi. Hujipiga taani, huanguka mezani, huzunguka kama mlevi. Watoto hukimbia wakilia, “Nyigu! Nyigu!” na mtu mzima huvua ndala akamponda.

Kumbe mdudu huyo si nyigu, wala hana mwiba. Ni siafu dume.

Twajua kwamba wasomaji wengi watasita hapa. Siafu nani asiyemjua? Ni mdogo, hana mabawa, hutembea kwa safu ndefu, na akikuuma taya zake hazifunguki hata ukimkata kiwiliwili. Tena ni kipofu kabisa: ukimtazama kichwani hutaona jicho hata moja. Na huyu wa taani ana macho makubwa, ana mabawa, na husafiri peke yake. Wawezaje kuwa watu wa nyumba moja? Swali hilo liliwashinda wataalamu wa Ulaya kwa zaidi ya miaka mia, nasi twaona habari yake yafaa kusimuliwa, hasa kwa wanafunzi wanaodhani kwamba majina ya Kilatini yaliyomo vitabuni yalipatikana kwa siku moja.

Mwaka 1764 Linnaeus wa Uswidi, yule aliyeweka utaratibu wa kuwapa viumbe wote majina mawili mawili, alipata dume mmoja kutoka Afrika ya Kusini. Akamtia katika ukoo wa nyigu. Basi watoto wetu wasichekwe. Wamekosea pamoja na bwana mkubwa. Mwaka 1793 Fabricius wa Denmark alimtoa kwa nyigu akamfanyia ukoo wake mwenyewe, akauita Dorylus. Lakini hakuna aliyejua mke wake ni nani, wala watoto wake.

Wakati huohuo wale watembeao kwa safu walikuwa wakipelekwa Ulaya ndani ya chupa, na mwaka 1840 Mwingereza Shuckard akawapa ukoo mwingine, Anomma, yaani “wasio na macho” kwa Kiyunani. Hata mwaka 1863 Mjerumani Gerstaecker akaeleza habari za mdudu wa ajabu kutoka kisiwa cha Java, mkubwa, hana mabawa, hana macho, tumbo limevimba. Naye akamwita Dichthadia. Huyo alikuwa malkia. Basi baba alikuwa na jina lake, mabinti lao, na mama lake, kana kwamba hawajapata kuonana.

Sababu yake si ujinga. Kila mmoja huonekana saa yake na mahali pake. Dume huruka usiku, hufuata taa. Watenda kazi huonekana njiani. Malkia hukaa chini ya ardhi, asionekane ila kundi zima linapohama. Na aliyekaa mbali, akiletewa maiti za wadudu katika sanduku, atajuaje nani alilala na nani?

Aliyeanza kufungua fumbo alikuwa mtu aliyekaa na siafu wenyewe. Thomas Savage, mganga na mmisionari Mmarekani wa Kanisa la Episkopali huko Liberia, ndiye pia aliyewaletea wataalamu habari za sokwe mkubwa aitwaye gorila mwaka 1847. Aliwachunguza siafu kwa saburi, na mwaka 1849 alitangaza kwamba amewaona madume katikati ya safu, pamoja na watenda kazi. Baadaye mambo yalielezwa wazi: dume akikutana na safu ya kundi jingine, watenda kazi humshika, humkata mabawa, humburuta mpaka kwa malkia. Akiisha kazi yake hufa. Mwaka 1880 Trimen, mtaalamu wa Cape Town, alieleza habari za malkia wa siafu wa Afrika. Na mwaka 1895 Mwitalia Emery alizipanga upya jamaa hizo zote. Na kwa kuwa katika kanuni za wataalamu jina la kwanza ndilo lenye haki, ukoo wote waitwa Dorylus mpaka leo. Anomma limebaki jina la mlango mmoja wa ukoo huo, wale wanaowinda juu ya ardhi. Wengine wa ukoo hukaa chini ya udongo karibu maisha yao yote, na mmoja wao amefika hata Misri na Tunisia, kandokando ya jangwa.

Kongo nayo ina sehemu yake katika habari hii. Padre Albert Raignier, Mjesuiti wa Ubelgiji, pamoja na mwenzake van Boven, waliwachimbua siafu wa Kongo na kuwahesabu, na mwaka 1955 jumba la makumbusho la Tervuren likachapa kitabu chao. Katika aina moja waliona makundi yanayopita milioni 20, na malkia mwenye urefu wa sentimita 5, anayetaga mayai milioni 3 hadi 4 kwa mwezi. Chungu mkubwa kuliko huyo hajulikani duniani.

Ng'ambo ya ziwa letu, huko Gombe, sokwe wenyewe wamejifunza namna ya kuwala. Sokwe hutumbukiza fimbo katika shimo la siafu, hungoja wapande, kisha huwakusanya kwa mkono na kuwatafuna upesi kabla hawajamwuma ulimi. McGrew aliandika habari hiyo mwaka 1974.

Tumesema siafu huonekana njiani, lakini jua kali la bonde la Ruzizi hawalipendi, huwakausha. Kwa hiyo hutembea usiku, au siku ya mawingu, au hujenga kuta za udongo kandokando ya njia yao. Ndiyo maana huingia nyumbani watu wakiwa wamelala.

Hapo mzazi asipoteze wakati kuwapiga. Kwanza amchukue mtoto mchanga, kwa maana hawezi kukimbia, na mgonjwa asiyejiweza vilevile. Kisha afungue banda la kuku na kamba ya mbuzi. Kuku aliyefungiwa huliwa usiku huo huo. Majivu ya moto yakimwagwa mlangoni huigeuza safu, ikiwa haijaingia. Ikiwa imekwisha kuingia, heri kulala kwa jirani.

Asubuhi safu imekwenda zake. Mende hayumo, panya hayumo, kunguni wamekwisha. Na taa ya barazani itakapowashwa tena jioni, labda yule mwenye mabawa atakuja kujipiga hapo, akiwatafuta wale waliopita jana.