Joto la kaskazi lamfuata muuza barafu Pemba hadi kwenye mita

Pepo za kaskazi zinapoanza kuvuma mwezi wa Desemba, muuza barafu wa Chake Chake hufurahi na kuhuzunika kwa wakati mmoja. Hufurahi kwa kuwa wateja huongezeka. Huhuzunika kwa kuwa uniti anazonunua kwenye mita ya Tukuza huisha upesi kuliko mwezi wa Julai.

Wengi hudhani mita ina kasoro. Mara nyingi, hata hivyo, sababu ni hali ya hewa.

Friza huchota joto lililo ndani na kulitupa nje. Nje kukiwa na joto kali, kazi hiyo huwa ngumu zaidi, na mota huunguruma muda mrefu. Aidha, maji yanayotiwa humo nayo huwa ya moto. Kisiwani Pemba joto la mchana hufika nyuzi 32 au zaidi Februari na Machi, ambapo wakati wa kipupwe, Julai na Agosti, hushuka hadi 28 hivi.

Majumbani hali ni hiyo hiyo. Feni ya wati 60 ikiwashwa saa 10 hula uniti 0.6. Kwa nyumba moja ni kidogo, lakini nyumba 1,000 ni uniti 600 kwa usiku mmoja. Kiyoyozi cha wati 1,000 kinapofanya kazi hula umeme sawa na takriban feni 17.

Mzigo wote huo hupita njia moja. Hadi mwaka 2010 Pemba ilitegemea jenereta za dizeli za Wesha. Juni mwaka huo ulizinduliwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 70, uliojengwa kwa msaada wa Norway kubeba megawati 20.

Hasara ya kukosa umeme wakati wa joto waliionja ndugu wa Unguja. Waya wao ulipoharibika Desemba 2009, kisiwa kilikaa gizani hadi Machi 2010, yaani takriban kaskazi nzima. Wenye majenereta walinunua mafuta kila siku. Wasio nayo walifunga mafriza.

Masika hupunguza joto, na matumizi hushuka. Lakini upepo na mvua huangusha minazi na matawi juu ya nyaya, hivyo umeme unaweza kukatika hata wakati mahitaji ni madogo.

Jambo jingine la kuzingatia ni Ramadhani, ambayo kila mwaka hurudi nyuma kwa siku 11 hivi. Mwaka 2024 na 2025 ilianza Machi, na mwaka 2026 ni Februari. Kwa miaka michache ijayo, futari, juisi na barafu vitaendelea kuhitajika ndani ya joto la kaskazi.

Mfanyabiashara afanye nini? Kwanza, aandike kwenye daftari uniti alizotumia Julai na alizotumia Februari. Tofauti hiyo ni gharama ya biashara, na iingizwe kwenye bei kabla faida haijahesabiwa.

Pili, friza isibanwe ukutani wala kuwekwa juani, na vumbi la nyuma lifutwe. Maji yapoe kwanza mtungini kivulini, kisha yagandishwe usiku hewa inapokuwa baridi. Friza isifunguliwe ovyo.

Tatu, mchuuzi wa samaki wa Tumbe au Wete asisubiri umeme ukatike ndipo atafute barafu. Mapande machache yakiwekwa akiba kwenye boksi lenye sponji nene na mfuniko wa kubana, huweza kumwokolea mzigo wa siku.

Mkulima wa karafuu na mwani hukausha mali yake kwa jua bila kulipa senti. Muuza barafu hulipigania jua hilo hilo kwa uniti. Akiijua kalenda ya pepo kama anavyoijua ya mavuno, kaskazi haitamkuta mfuko mtupu.