Jina Lililofichwa Ndani ya Mpini

Katika vita vya Burma vya mwaka 1944, ambavyo askari wengi wa Afrika Mashariki walipigana, maofisa wa Kijapani walikuwa wakivaa panga ndefu viunoni. Vita vilipokwisha mwaka 1945, panga nyingi zilichukuliwa na washindi zikapelekwa Marekani na Uingereza. Tangu siku hizo wenye kuzirithi huuliza swali moja: upanga huu ulifuliwa na nani?

Swali hilo si la upuzi. Nyingi zilitengenezwa kwa haraka wakati wa vita. Lakini nyingine ni vyuma vya ukoo, vyenye umri wa miaka mia tatu au minne, vilivyovikwa mpini wa kijeshi tu. Kwa nje huenda zikafanana kabisa.

Mpini wa upanga wa Kijapani hushikwa na kijiti cha mwanzi. Kikigongwa taratibu kikatoka, mpini huvuliwa, na mkia wa chuma huonekana umevaa kutu. Hapo ndipo mhunzi alipochonga jina lake kwa tindo. Kutu hiyo haisuguliwi kamwe, kwani rangi yake ni ushahidi wa umri. Mtu achukuaye msasa ili apate kusoma vizuri hufuta kwa dakika kumi kazi ya karne nyingi, wala hakuna fundi awezaye kuirudisha.

Maandishi husomwa kutoka juu kwenda chini. Mara nyingi hutangulia jimbo, kisha mji, kisha jina. Na upande wa pili huenda pakawa na tarehe, iliyohesabiwa kwa enzi za Kijapani. Mwaka wa tatu wa Eisho, kwa mfano, ni 1506.

Lakini kulisoma jina si kumjua mtu. Huko Osafune, katika jimbo la Bizen, wahunzi wengi walitumia jina moja la Sukesada. Panga za kuuzwa kwa wingi ziliandikwa jina hilo tupu, na zile bora mara nyingi ziliongezwa jina la mhunzi mwenyewe. Tena wako waongo. Kotetsu wa Edo, aliyekuwa kwanza mfua mavazi ya vita akageukia panga katika karne ya 17, ameigizwa mno hata wajuzi wakiona jina lake huanza kwa kushuku.

Basi mjuzi hulinganisha kila mkwaruzo wa tindo na nakala za sahihi za kweli zilizohifadhiwa vitabuni. Hutazama alama za tupa, kisha huligeukia bapa lenyewe: umbo lake, nyuzi za chuma, na ule mstari mweupe kandokando ya makali, uliotokea chuma cha moto kilipotumbukizwa majini. Bapa lisipoafikiana na jina, jina ndilo linalokataliwa. Masamune, aliye mashuhuri kuliko wahunzi wote, ni nadra sana kuonekana ametia sahihi. Kazi yake hutambuliwa kwa chuma chenyewe.

Iko jumuiya mjini Tokyo, iliyoanzishwa mwaka 1948, inayochunguza panga na kutoa vyeti. Upanga wenye sahihi ya uongo haupewi cheti, hata kama chuma chake ni kizuri. Kwa hiyo wako wenye panga ambao hukubali, kwa uchungu, jina hilo tukufu liondolewe kwa tupa, ili upanga urudishwe kuchunguzwa ukiwa hauna jina.