MBWENI, MTAA WA KANISA SHAMBA

Wageni wajao Unguja hupelekwa Kidichi. Huonyeshwa mikarafuu na midalasini, kisha huingizwa katika hamamu ambayo Sayyid Said alimjengea mkewe Mwajemi, Shehrzade, wakatazama nakshi za chokaa zilizo kutani. Nao hufanya vema kutazama. Lakini ni nani waliozichuma karafuu zilizoitajirisha enzi ile? Ni watumwa. Basi, atakaye kujua watu wa namna yao walipata makao gani walipoachwa huru, na atoke Kidichi, aupite mji, ashike njia ya uwanja wa ndege mpaka Mbweni, pwani.

Shamba la Mbweni lilinunuliwa na Askofu Tozer katika mwaka 1871. Siku zile manowari za Waingereza zilikuwa zikiyakamata majahazi ya watumwa baharini, na mateka wengi walikabidhiwa Misheni ya Vyuo Vikuu. Mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 uliikataza biashara hiyo kwa njia ya bahari, ila utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria za Unguja mpaka 1897. Mateka hawa hawakuwa na ndugu wala mji wa kurudia. Pale Mbweni walipewa mahali pa kujenga na koonde za kulima, wakaoana, wakawa majirani.

Wazungu wale walijenga kama walivyozoea kwao. Maana shamba la Uingereza, kanisa huwa katikati ya kijiji, makaburi yakilizunguka, na shule haiwi mbali. Ndivyo ilivyo Mbweni: Kanisa la Yohana Mtakatifu, lililowekwa wakfu 1882, lina mnara wake wa kengele na makaburi yake. Walakini penye mialoni ya kwao, hapa pana mibuyu na minazi, na mawe ya kuta ni matumbawe. Hata bwana mkubwa wa kijiji hakukosekana, maana Sir John Kirk, balozi wa Uingereza, alikuwa na nyumba yake hapo na bustani ya miti aliyoipanda, kwa kuwa alikuwa mtaalamu wa mimea. (Yule kima punju wa Jozani, wataalamu wamempa jina la Kirk, punju mwenyewe hana habari.)

Mtaa huu ulizaa mwingine. Katika mwaka 1876 Askofu Steere alivuka bahari na kundi la watu wa Mbweni, akitaka kuwarudisha upande wa Ziwa Nyasa. Hawakufika, waliona nchi ya Masasi ni njema, wakakaa. Wakristo wengi wa Masasi hawajui ya kuwa kanisa lao lilitoka katika koonde hizi, na hilo lanisikitisha.

Wasichana walifundishwa na Bibi Caroline Thackeray, aliyekuja 1877, akafa 1926, akazikwa papo hapo. Wengi wakawa waalimu, au wake za waalimu, wakaenda barani. Shule yao ya Mariamu Mtakatifu sasa ni magofu. Mizizi imepenya kutani na popo wamepata makao. Mji nao umekua hata kukizunguka kijiji, na palipokuwa na koonde pana majumba makubwa yenye kuta.

Kanisa lingali lasimama. Kutoka hapo ni mwendo mfupi mpaka ufukoni, na huko baharini, upande wa kusini, kipo kisiwa cha Chumbe na mnara wake wa taa, uliojengwa 1904. Majahazi yaliyowaleta mateka yalipita katika bahari hiyo kabla ya taa.